Alhamisi Niliyoiandikia Msiba

Sitakueleza huu ugonjwa unaanzaje ndani ya damu. Daktari atakueleza, na kama hajakueleza muulize, ndiyo kazi yake. Mimi nakuandikia wewe uliyeambiwa juzi kwamba una baridi yabisi ya viungo. Una miaka ishirini na kitu, una mtoto mgongoni, unaishi kwa kazi ya mikono, na kila unayemwambia anacheka kidogo: "Baridi yabisi? Si ya wazee hiyo?" Unatamani umtandike. Mimi pia nilitamani, ila ngumi yenyewe ilikuwa haikunjiki.

Mimi ni fundi cherehani. Nina fremu ya duka Moshono, huku Arusha. Chumba cha mbele ni cha kazi, cha nyuma tunalala mimi, mume wangu Lameki na binti yetu Vanesa. Lameki ni mpishi wa watalii wanaopanda Mlima Meru. Akiondoka ni siku nne, na huko juu simu inashika inapotaka yenyewe. Mimi niliishia kidato cha nne, nikajifunza kushona, nikajiapia kwamba sitakuwa fundi mwongo. Mafundi unawajua. "Njoo Ijumaa, mama." Ijumaa unakuta kitambaa chako hakijakatwa na fundi analaumu umeme. Basi mimi nikabandika karatasi ya manila ukutani, nikachora visanduku vya Jumatatu mpaka Jumamosi, na kila kazi nikaiandika kwenye siku yake mteja akiona. Sare za kwaya, Jumanne. Gauni la Mama Doreen, Jumatano. Kisanduku kikijaa, kimejaa. Watu walinipendea hiyo manila. Waliisifia kuliko hata mishono yangu.

Vanesa alizaliwa masika. Ulipofika mwezi wa saba, ule ukungu wa mlimani ukawa unashuka mpaka mlangoni, na asubuhi moja nikashindwa kufungua chupa ya chai. Vidole vilikuwa vimevimba kama ndizi mshare. Nikadhani nimevilalia. Kesho yake vilevile. Wiki ya pili nilikuwa namnyanyua mtoto kwa viwiko, kama mtu anayebeba kuni, na vifungo vya nguo zake nilifunga kwa meno.

Wote walijua ni nini. Ni baridi. Vaa soksi. Umeoga maji ya baridi ukiwa mzazi, ona sasa. Mama mkwe wangu alipanda kuja kutoka Maji ya Chai na chupa ya mafuta ya kondoo, akanikanda mpaka nikalia.

"Mwanangu, unalia kwa kukandwa?"

"Mama, naumwa."

"Sisi tulizaa saba na tukapalilia kahawa. Nyie mkizaa mmoja mnalala."

Nilinyamaza kwa sababu ni mama mkwe. Ningekuwa na nguvu ningenyamaza pia. Lakini hayo maneno sijayasahau na sina mpango wa kuyasahau.

Hospitali nilifika mwezi wa tisa. Kwenye benchi la kliniki ya viungo wote walikuwa bibi na babu, na kila nesi aliyepita aliniuliza, "Wewe umemleta nani?" Nilijibu "Nimejileta" mara nne. Ya tano nikamjibu vibaya, akanipeleka mwisho wa foleni. Unakaa pale tangu saa moja, unatolewa damu saa nne, majibu saa nane, na mtoto amekojoa nguo ya mwisho. Bibi mmoja wa Kimaasai aliyekaa pembeni yangu hakuwa na Kiswahili kingi. Alimchukua Vanesa bila kuniomba, akampakata, akampa ushanga wake ashike. Mpaka naitwa ndani alikuwa bado amempakata. Jina lake silijui. Huyo namwombea.

Daktari alikuwa dada wa rika langu. Alinibonyeza vidole kimoja kimoja, akaandika muda mrefu, kisha akanipa vidonge vidogo vya njano na kadi ambayo juu yake aliandika kwa herufi kubwa: JUMATANO.

"Unameza Jumatano tu. Mara moja kwa wiki. Ukivimeza kila siku vitakuua, umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Na mtoto umwachishe ziwa. Na mimba hapana, mpaka mimi niseme."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Halafu Alhamisi usipange kitu."

"Nipange kupumzika?"

"Hata kupumzika usipange. Iache wazi. Kuna Alhamisi utaamka hovyo, unatapika, huwezi kusimama. Kuna nyingine utaamka mzima. Huwezi kujua ni ipi. Ukiiacha wazi, ukiamka mgonjwa hujavunja ahadi ya mtu, na ukiamka mzima ni ya kwako."

Jambo la ziwa lilinivunja. Miezi sita tu. Usiombe kusikia mtoto analia anakuvuta nguo na wewe umejifunga khanga kifuani kama gunia. Mama mkwe alisema, "Dawa gani hiyo inamnyima mtoto ziwa na mwanaume watoto?" Alimwambia Lameki mbele yangu, kana kwamba mimi ni kabati. Lameki akasema, "Mama, tuache hayo," akatoka nje kuangalia mvua ambayo haikuwepo.

Nilimeza Jumatano ya kwanza, ya pili, ya tatu. Daktari hakudanganya. Alhamisi kichwa kilikuwa kama kimejazwa pamba, mdomo ukatoka vidonda, nywele zikabaki kwenye kitana. Lakini mwezi wa kumi na moja ulipokuwa unaisha, asubuhi moja nikajikuta nimefungua chupa ya chai. Nilikuwa nimeshamimina ndipo nikashtuka. Nikakaa chini nikalia, Vanesa akanicheka.

Sasa ikaja Desemba, na Desemba hapa kwetu ni harusi. Wachaga wanarudi kwa Krismasi, Wameru wanaozesha, kila kamati inataka sare. Kwenye manila yangu siku zote zilijaa, Alhamisi ikabaki nyeupe. Ungefikiri nimetundika nyama. Kila aliyeingia macho yake yalikwenda pale.

Mama Doreen ndiye aliyeanza. Ni mteja wangu wa miaka, mwenyekiti wa kamati za harusi za watu wote, hata wasiomjua. Aliingia na vitenge vya watu kumi na wawili, akaangalia ukuta.

"Mbona hapa hapana mtu?"

"Hapo nimeacha, dada."

"Umemwachia nani?"

"Sijamwachia mtu. Ni kwa ajili ya dawa."

"Si unameza Jumatano? Hii ni Alhamisi." Akatoa kalamu yake mwenyewe kwenye pochi, akaandika ukutani kwangu: *Mama Doreen, 12*. "Usiniangalie hivyo, shoga. Kukaa bure kunaleta mawazo."

Ningefuta. Sikufuta. Nilifanya kosa ambalo nakuomba wewe usilifanye hata kwa dawa: badala ya kulinda Alhamisi, nikaiacha Jumatano. Nikasema wiki hii sitameza, ili kesho niamke na nguvu. Nguo kumi na mbili zikatoka, zikapendeza. Wiki iliyofuata kamati nyingine. Wiki iliyofuata nyingine tena. Jumatano tatu sikumeza.

Wiki ya pili ya Januari mkasi ulinidondoka. Nikauokota, ukadondoka. Mara ya tatu vidole vilikwama kwenye matundu ya mkasi, Lameki akanipaka sabuni kunitoa kama anayemvua mtu pete. Daktari aliniangalia vidole, akaniangalia usoni.

"Uliruka ngapi?"

"Tatu."

"Sikia, Mama Vanesa. Hivi havijapinda bado, ila hiki kidogo kimeanza. Ukiruka hivi tena vitapinda, na vikipinda havirudi. Hutashona. Sio utashona polepole, hutashona. Sasa nenda kaamue nani mkubwa, hivi vidole au hao wateja."

Nilitoka pale nimemkasirikia yeye, nimemkasirikia Mama Doreen, na nimejikasirikia mimi kuliko wote. Na nilikuwa naogopa. Bila mikono mimi ni nani? Mke wa mpishi anayesubiri mwanaume ashuke mlimani amletee sabuni.

Nikaanza vita ya kisanduku kimoja. Kwanza niliandika HOSPITALI. Wakasema, "Utarudi saa ngapi? Nitapita jioni." Nikaandika MAPUMZIKO. Heh! Walicheka mpaka wakashika ukuta. "Mapumziko? Umekuwa Mzungu, Mama Vanesa? Utaenda na hotelini?" Nikaandika SINA KAZI. Wakaniletea kazi, tena kwa huruma. Na ukitaka kujua kilichonichosha zaidi, ni zile Alhamisi nilizoamka mzima. Nimekaa mlangoni najiotea jua na mwanangu, mtu anapita: "Kumbe leo uko vizuri! Hebu nipunguzie hii sketi hapa kiunoni, dakika mbili." Wiki nzima huwa sina hata saa moja isiyo na jina la mtu, na hiyo siku moja wananiulizia kwa nini ninayo.

Siku moja ya mwezi wa tatu nikachukua kalamu ya wino mzito nikaandika: MSIBA.

Sikukusudia ubaya. Nilijua tu watu wetu. Ugonjwa wanaujadili, uchovu wanaucheka, lakini msiba hakuna anayebishana nao. Na kweli. Watu waliingia dukani wakaona lile neno, wakashusha sauti. "Pole, mama." Wakarudi kinyumenyume na vitambaa vyao. Wiki ile nililala Alhamisi nzima kama mtoto. Mwenzangu, kile kimya kilinilevya. Wiki ya pili sikulifuta.

Mama Doreen akaniuliza, "Ni nani jamani?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Nikasema, "Wa upande wa mume. Huko Maji ya Chai."

Tatizo la Mama Doreen ni kwamba sio mtu mbaya. Alhamisi ya pili akakusanya wanawake saba wa jumuiya yetu ya kanisani, wakachanga unga, sukari na maharage, wakakodi gari la Noah, wakaenda Maji ya Chai kuhani msiba. Kwa mama mkwe wangu kila mtu anapajua. Mimi nilikuwa kitandani, beseni pembeni, simu nimezima. Vanesa yuko kwa jirani. Lameki yuko mlimani siku ya pili.

Yaliyotokea nilisimuliwa, na kila aliyesimulia aliniangalia kama anatazama mchawi. Mama mkwe alikuwa anakata majani ya ng'ombe kwenye migomba. Akasikia wimbo wa msiba unakuja. Akadhani wanapita. Hawakupita. Wakaingia kwenye uwanja wake, wamejifunga khanga, ndoo kichwani, wanaimba taratibu, na Mama Doreen mbele.

Mama mkwe alisimama na panga mkononi, akasema neno moja: "Lameki?"

Na Mama Doreen, ambaye hakujua aliyefariki ni nani na aliona aibu kuuliza nyumbani kwa mfiwa, akainamisha kichwa. "Pole sana, mama."

Yule mama alianguka kwenye majani yake.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Simu yangu haipatikani. Ya Lameki haipatikani. Mashemeji wakapiga kwa kila mtu wanayemjua anayefanya kazi mlimani, hawapatikani. Majirani wakaanza kuja na viti. Mpaka saa tisa mchana, Lameki aliposhuka kwenye kambi yenye mtandao, simu ikaanza kumlilia mkononi, akaona ujumbe wa kaka yake: tunakuja kukuchukua popote ulipo. Akampigia mama yake. "Mama, nipo. Mama. Ni mimi, napika."

Nilipowasha simu jioni, wa kwanza alikuwa yeye. Hakunisalimia.

"Umeandika nini ukutani?"

Nikamwambia.

Akasema, "Mama yangu leo alikuwa amenipoteza kwa saa tano nzima." Akakata.

Kesho yake asubuhi na mapema mama mkwe alikuwa mlangoni kwangu, na ndoo ya unga waliompelekea.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Aliingia, akatafuta ile manila kwa macho, akaisoma. Anasoma polepole.

"Nani amekufa, Mama Vanesa?"

"Hakuna, mama."

"Nani ulitaka afe?"

Nilipiga magoti, nikasema nimekosa, nikasema nisamehe mama, na nilimaanisha. Nilipofikiria lile panga na yale majani nilitaka kufa mimi. Lakini kisha akasema, "Yote haya kwa sababu ya kulala siku moja," na hapo hasira zikanipanda.

"Mama, hiyo ndoo ina nini?"

"Nini?"

"Ndoo hiyo. Ina unga. Na nyumbani kwako kuna sukari na maharage. Wanawake saba wamekodi gari. Mimi naumwa tangu mwezi wa saba. Nimefunga nguo za mtoto kwa meno. Nani aliniletea hata chumvi? Nani alikuja kuimba hapa? Nilisema naumwa, mkacheka. Nilisema nipumzike, mkacheka. Nimesema kuna maiti, mmebeba ndoo! Sasa mnataka nisemeje ndiyo mnisikie?"

Nilipiga kelele. Kwa mama mkwe, mlango wazi, mtaa unasikia. Alichukua fimbo yake akaondoka. Ndoo aliiacha katikati ya chumba.

Lameki aliposhuka hakunigusa, hakunifokea, hakula nilichopika. Siku ya tatu alisema, "Utakwenda na sale." Sale ni lile jani linalopandwa mipakani. Ukimfuata mtu ukiwa umelishika, umeomba msamaha, na hana ruhusa ya kukufukuza. Nilikubali, ila nikamwambia: "Nitaomba msamaha wa msiba. Wa Alhamisi siombi. Nikiiacha hiyo siku nitarudi kuruka dawa, najijua, na mikono itakwenda." Akasema twende tu.

Jumamosi tukaenda Maji ya Chai kwa mama yake. Mashemeji wamekaa kwenye viti, hakuna anayetabasamu. Nilimshikisha lile jani kwa mikono miwili. Alivitazama vidole vyangu kwanza kabla ya jani. Akalipokea. Akasema, "Yamekwisha," tukanywa chai, watu wakaanza kupumua.

Chai haijaisha akasema, "Umoja wa wanawake wa usharika wanataka sare. Nimewaambia mkwe wangu ni fundi. Watakuja kwako kupimwa Alhamisi."

Kijiko kiliacha kukoroga kwenye kikombe cha mtu. Lameki aliangalia chini. Nimesamehewa dakika kumi zilizopita, mbele ya ukoo, na jani liko pale mezani. Nilikuwa naogopa kuliko siku ya daktari.

"Alhamisi hapana, mama."

Kuku akaingia ndani, hakuna aliyemfukuza.

"Alhamisi una nini?" akauliza.

"Sina kitu."

Alinitazama. Sijui aliona nini. Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akageuza kikombe.

"Ijumaa je?"

"Ijumaa asubuhi. Waje hata kumi."

"Ijumaa asubuhi," akamwambia shemeji yangu mkubwa, kama anayemtuma. "Waambie."

Sasa ni mwezi wa saba tena, ukungu uko mlangoni. Asubuhi vidole bado ni vizito, mpaka jua litoke. Kidole kidogo cha kulia kimepinda kidogo na hakitanyooka, hiyo ndiyo risiti ya Desemba. Vingine vinakata, vinashona, vinamfunga Vanesa vifungo, ingawa sasa anakimbia na kumkamata ndiyo kazi. Tangu Januari Jumatano sijaruka hata moja. Hasira bado ninazo na sitakuambia uache za kwako. Zitumie. Ila usimuue mtu kwa maneno ili upate kulala. Kisanduku changu cha Alhamisi sasa hakina neno lolote. Nimekipaka gundi nikabandika karatasi nyeupe ya plastiki juu, kalamu ikiandika inateleza.

Juzi Alhamisi nilikuwa nimelala, sio mgonjwa sana, nimelala tu, Vanesa ananipanda mgongoni. Nikasikia mtu anagonga mlango wa mbele. Halafu nikasikia viatu vya Mama Doreen, navijua.

"Usigonge, mama. Huyo Alhamisi hafungui."

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Sasa yuko wapi?"

"Si yuko humo ndani."

"Anafanya nini?"

Nikamziba Vanesa mdomo.

"Hafanyi kitu," akasema Mama Doreen. "Njoo Ijumaa. Huyu akisema Ijumaa ni Ijumaa."